Kibodi ya Mama Iliyoitika

Enzi zetu pale Tabora, wenzangu, mpiga chapa alijulikana kwa mlio. Ukipita dirishani mwa ofisi ya mkoa ulisikia ta-ta-ta-ta, kisha kengele, ting!, na mashine ikakokotwa kurudi mwanzo wa mstari. Wapiga chapa walikuwa watatu, lakini mlio wa mama tuliujua. Wake haukusita.

Tukitoka shule tulimpitia, vumbi hadi kwenye nyusi, mifuko imejaa michembe ya viazi na karanga. Harufu ya wino na kaboni mpaka leo naisikia. Tukijipenyeza nyuma ya kiti chake, bila hata kugeuka alisema, "Ondokeni begani kwangu. Hiyo barua si yenu." Siku moja moja, wakubwa wakishaondoka, alituruhusu tumfunge mtandio machoni. Akapiga majina yetu yote, na la baba, bila kukosea herufi. Jamani! Tulidhani uchawi, kumbe chuoni mwalimu wao alikuwa akiwafunika vidole kwa kitambaa. Tukirudi nyumbani tulipanga vizibo vya soda kwenye ubao tukacheza ofisi, mdogo wangu ndiye kengele. Na ole wako uzame mchezoni mama akiita. Sheria yake kubwa ilikuwa hiyo: ukiitwa, itika. Ukinyamaza mara ya pili, fimbo.

Sasa mama yuko nami huku ughaibuni, hapa Scarborough, ghorofa ya kumi na moja, na presha ya macho imemnyima nuru yote. Barua za kwenda kwa mdogo wake, mama mdogo Tatu aliyebaki Tabora, alikuwa akinitamkia, naandika mimi. Simu haifai, maana mama mdogo hasikii vizuri, na akiwekewa sauti kubwa nyumba nzima inasikiliza. Mwaka jana mama akaacha kabisa. Nilipomuuliza akajibu taratibu, "Mwanangu, kuna mambo ya mtu na mdogo wake. Nikikutamkia wewe, si yetu wawili tena."

Iliniuma sana. Nikakimbilia kununua kibodi yenye herufi kubwa za njano. Ujinga wangu! Mama akaipapasa, akabonyeza mara mbili tatu, akanirudishia.

"Mimi lini niliangalia herufi? Hii haiitiki. Naiita, kimya."

Binti yangu Neema kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa, ila anajibu kwa Kiingereza. Akacheka, akaniambia Bibi anataka kibodi ya mekanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi na springi yake. Jumamosi tukapanda basi, mama kavaa koti la baridi juu ya khanga, mpaka kwenye duka dogo la kibodi lililobanwa kati ya saluni na wauza roti.

Sikujua kama dunia ina duka la namna ile. Swichi za kila aina zimepangwa kwenye kibao, unabonyeza moja moja: hii laini, hii nzito, hii inakwaruza kidogo, hii inalia. Mama akainamisha sikio, akazichagua kama anachagua nazi sokoni. Laini alizikataa zote. Akashika zile nzito zinazolia. Ikaja zamu ya vitufe, na kijana wa dukani akatuambia visivyo na herufi vina bei zaidi. Nilipomtafsiria, mama alicheka mpaka akashika meza. "Vijana wa siku hizi wanalipia kufunikwa! Sisi mwalimu alitufunika bure."

Kijana akaunganisha kila kitu, akachomeka kwenye kompyuta. Mama akaweka vidole, akanyoosha mgongo kama yuko ofisini, akaanza. Ta-ta-ta-ta! Wateja wakageuka kutazama. Kwenye kioo nikasoma: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Miaka yote ile, na hakuna herufi iliyokosewa. Neema alifunika mdomo kwa mikono miwili, na kwa Kiswahili, ambacho hakisemi, akasema, "Bibi! Bibi yangu!"

Nyumbani Neema akakipanga kitufe kimoja cha pembeni kiwe cha kuchapisha tu, kisha akazima kioo. Jumapili baada ya chai mama akakaa mezani. Alinisikia nyayo.

"Ondoka begani kwangu."

Nikaenda jikoni, nikasimama na mwiko mkononi, nasikiliza. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nilikuwa na miaka minane tena, niko dirishani pale ofisi ya mkoa. Watoto wetu leo wanapiga picha hata sahani ya wali kabla ya kula, dunia nzima ione. Sisi tulikua na watu walioweza kubeba neno moja maisha yao yote, wakalitia kwenye bahasha, wakalamba gundi, basi.

Mlio ukakoma. Printa ikatoa karatasi mbili, maandishi yakitazama juu. Mama hakuwa na njia ya kujua kama nimesoma, na nilitamani, Mungu anajua. Nikafumba macho. Nikazikunja kwa kupapasa, nikazitia kwenye bahasha, nikalamba gundi.

Akaniita kutoka mezani. Macho bado nimeyafumba, nikaitika:

"Abee, mama."