Mto wa Bi Mwanakheir

Hii ni siku ya tatu Radhiya, mwanafunzi wa udaktari wodini, anambembeleza Bi Mwanakheir wa Jambiani atembee. Mfupa wa nyonga ulishaunga, lakini kila akishika vyuma vya kujifunzia kutembea, bibi huinama akatazama miguu yake.

"Ntaanguka mie!"

Ghafla Radhiya akakumbuka: huyu ni mkulima wa mwani, magunia mabichi kayabeba kichwani miaka thelathini! Mbio akachukua mto kitandani, akamtwika.

Mgongo ukanyooka. Macho yakaenda mbele. Hatua moja, mbili, tano! Radhiya hakujizuia, akapiga kigelegele hadi chumba kizima kikageuka.

Bi Mwanakheir hakugeuza shingo.

"Ongeza mwengine, mwanangu. Huu mwepesi."