Orville na Nguzo Iliyojazwa Kokoto

Orville Szymanski alisambaza barua mjini Sheboygan miaka thelathini na mmoja, theluji kwa jua. Siku aliyostaafu aliapa kwamba safari yake ndefu kuliko zote sasa itaishia gerejini. Humo aliweka mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile ya kukaa mezani, akaanza kujiita fundi. Mkewe, Lorraine, hakumpinga. Yeye alikuwa na kodiani yake, kinanda cha kuvuta na kubana kifuani, na kila Ijumaa alipiga polka, muziki wa kucheza kwa kurukaruka, kwenye ukumbi wa kanisa huku watu wakila samaki wa kukaanga.

Mwezi wa pili wa ufundi huo, kijikono kimoja cha alumini kikavunjika ndani ya kodiani, kitufe kimoja kikawa bubu. Waliotengeneza kodiani ile walikuwa wameshakufa wote, na vipuri vyake havikupatikana tena.

"Niachie mimi," Orville akasema.

Alichonga siku nzima. Mashine ilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, ikatetemeka, na kijikono kikatoka na mawimbi upande mzima. Lorraine alikigeuzageuza mkononi.

"Hiki umekichonga au umekitafuna?"

Orville akamwita Wendell Ploeger, jirani aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote, kwenye mashine kubwa kama lori. Wendell aliisukuma kwa kiganja nguzo inayobeba kichwa cha mashine chenye kisu cha kuchongea. Ikayumba, wote wawili wakaona.

"Bwana wee! Nguzo yenyewe tupu ndani kama bomba. Inacheza polka kumshinda mkeo."

"Sasa nifanyeje?"

"Ijaze kokoto na gundi ya epoksi, ile inayoganda kama jiwe. Nyuma funga bamba nene la chuma. Itatulia tu. Ila ziba kwanza matundu yote ya skrubu, umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alisikia nusu. Kokoto alizisafisha vizuri, akazikausha kwenye oveni ya Lorraine bila ruhusa, akachanganya gundi na kumimina, akipiga mluzi. Matundu hakuyakumbuka. Gundi ikavuja polepole mpaka kwenye reli ambayo kichwa cha mashine hupandia na kushukia. Kesho yake kichwa kilikuwa kimeganda juu kabisa, shubiri nzima kutoka mezani, kisu hakigusi kitu.

Wendell alipokiona alicheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia.

"Ulitaka isitikisike, rafiki yangu. Haya, haitikisiki!"

"Ninaweza kuinua meza," Orville akasema kinyonge. "Nikiweka mbao chini ya kipande ninachochonga..."

"Weka na ngazi kabisa."

Orville hakucheka. Alikaa akitazama mashine yake kama mtu aliyemlisha mbwa wake sumu kwa bahati mbaya. Lorraine alikuja kuuliza nani kaacha mchanga kwenye oveni, lakini akamwona mumewe alivyo. Akarudi ndani ya nyumba, akatoka na mashine yake ya kukaushia nywele.

"Gundi hiyo ikipata moto si inalainika?"

Wendell akainuka kwenye ndoo.

Lorraine aliipuliza reli hewa ya moto saa nzima, Orville akikwangua kwa kijiti, Wendell akigonga kwa nyundo ya mbao. Hatimaye kichwa kikalia *kap!* na kuteleza chini. Orville alimbusu mkewe mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi.

Wakaziba matundu, wakaongeza gundi iliyopungua, wakafunga bamba. Safari hii mashine ilinguruma taratibu tu, na kijikono kipya kikatoka laini kama kijiko. Lorraine alikipachika kwenye kodiani, akabonyeza kitufe, sauti ikatoka.

Ijumaa hiyo ukumbi ulicheza. Orville hakucheza. Alikaa karibu na padri, akamweleza habari za kokoto, gundi na nguzo kwa muda wa sahani mbili za samaki, akichora kwa uma juu ya kitambaa cha meza. Mwishowe padri akasimama, akasema amekumbuka kuna mtu anayemsubiri ili aungame kwake.

"Nitakungoja," Orville akasema. "Bado sijafika kwenye bamba."