Mlio Nyuma ya Gitaa

Mimi ni mkunga katika hospitali moja ya Homa Bay, na kwa sababu hiyo watu huniita Sista, hata wale wasio na mtoto wa kuzaliwa. Spika zangu nzuri za kwanza nilizipata kwa padri aliyekuwa akihamia parokia ya mbali na asiyetaka kuzibeba. Moja ilikuwa imechanika mpira wake, ikikoroma kila besi inapopigwa, nami nikaelekezwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Migori anayeuza vifaa vya umeme. Ni Mwislamu mwenye asili ya Pwani, aliyeishi mjini pale miaka mingi kiasi kwamba Kijaluo chake ni kizuri kuliko Kiswahili cha wateja wake. Tulimwita Haji.

Haji aliigonga ile spika kwa kidole, akaitegea sikio kama mtu anayechagua tikitimaji. Kisha akaniuliza, "Hizi wasikilizia nini, Sista?"

Nikamwambia rumba, benga za zamani na kwaya.

"Wasikiliza ukifanya kazi za nyumba, au wakaa kitako ukasikiliza?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. Nilimwambia kwamba nikitoka zamu hukaa sakafuni, nikaegemea ukuta, nikafumba macho. Akanialika nyumbani kwake Jumamosi iliyofuata, mchana, baada ya kufunga duka.

Ndivyo nilivyoingia katika kile kikundi. Kilikuwa na watu wachache, na waliokuja bila kukosa walikuwa watatu. Wa kwanza ni Haji mwenyewe, aliyependa amplifaya za kizamani, zile za balbu za kioo zinazopata moto hadi unaweza kupasha mikono moto. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kendu Bay, mwenye masanduku ya santuri alizozinunua ujanani, kila moja imevishwa karatasi safi. Wa tatu ni mchuuzi wa samaki kutoka Mbita, mtu mnene, mpole, aliyejitengenezea spika mwenyewe kwa mbao za mvule. Alizileta kwa pikapu yake, zimefunikwa blanketi, zikinuka omena kidogo.

Mchezo wao ulikuwa huu. Mke wa Haji alitundika leso mbele ya vyombo vyote, na mtu mmoja akakaa nyuma yake, akiunganisha mara spika hizi, mara zile, mara amplifaya ya balbu, mara ile mpya. Sisi wengine tulikaa kwenye viti, hatuoni kitu, tukisikiliza wimbo uleule tena na tena, kisha tukasema tuliloona bora. Mara nyingi Haji alikisifu kifaa akidhani ni chake, na leso ikiondolewa anakuta ni cha mwenzake. Hapo alituongezea chai.

Siku yangu ya tatu nao, Mwalimu alileta santuri ndogo ambayo karatasi yake ya katikati ilikuwa imefifia hata usiweze kusoma jina la wimbo wala la bendi. Alikuwa ameinunua Kisumu akiwa bado kijana wa chuo. Ilikuwa benga ya mwendo wa polepole, ya mwanamume akimsihi mkwewe asubiri mavuno ndipo amletee mahari. Spika za mvule ndizo zilizokuwa zikicheza. Gitaa lilipoanza kupanda peke yake, nikasikia kitu nyuma yake. Mlio mdogo, mkavu, wa haraka, kama kuku wengi wakidonoa mabati. Ukanyamaza. Ukaanza tena.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Nini ni nini?" akasema Mwalimu.

Tukarudisha sindano. Nilisubiri pale gitaa linapopanda, nikainua kidole. Mchuuzi akatikisa kichwa kukubali, naye aliusikia. Haji aliusikia mara ya pili. Mwalimu, aliyekuwa na santuri ile tangu ujana wake, aliusikia mara ya nne, akavua miwani kana kwamba ilikuwa ikimziba masikio.

"Hii rekodi nimeicheza kwa harusi yangu," akasema. "Hiyo kitu haikuwa."

"Ilikuwa," Haji akamwambia. "Redio yako ya santuri ndiyo haikuitoa."

Tangu hapo hatukushindanisha kitu kingine siku ile. Haji alisema ni mkwaruzo tu, santuri imechoka. Nilikwenda nikaiinamia pleya, nikaitazama ile karatasi ya katikati ikizunguka. Kazini nimezoea kubonyeza pembe ya kusikilizia kwenye tumbo la mama mjamzito na kutafuta pigo dogo sana chini ya kelele nyingine za mwili, na jambo la kwanza unalojifunza ni kujiuliza pigo hilo linafuata nini. Kama ungekuwa mkwaruzo, ungerudi kila sahani inapozunguka. Huu haukuifuata sahani. Ulikimbia, ukapunguza mwendo, ukasimama, ukakimbia tena.

"Basi ni mvua kwa mabati," akasema Mwalimu.

"Mvua haisimami hivyo," mchuuzi akamjibu. "Huu unasimama mara moja kama mtu ametoa mguu."

Mwalimu alikasirika kidogo. Alisema mvua ya kwetu husimama itakavyo. Tukabadilisha sindano, tukabadilisha amplifaya, tukaziweka spika za Haji, kisha zangu. Mlio ulikuwa palepale, hafifu zaidi au wazi zaidi, lakini palepale. Niliporudi Homa Bay ulinifuata. Nilijikuta nikisikiliza vitu ambavyo sikuwahi kuvijali: mashine ya kusaga, baiskeli isiyopakwa mafuta, mtu akichapa barua kwenye kibanda karibu na mahakama. Hakuna kilichofanana nao sawasawa.

Miezi ilipita. Kila tulipokutana tuliianza ile santuri kabla ya nyingine yoyote, kama sala. Kisha mchuuzi akafika siku moja akiwa na habari. Huwa anapeleka samaki wakavu soko la Magunga, na pale alikuwa ameimba ule wimbo akipanga bidhaa zake, bila kufikiri. Mama mmoja aliyekuwa akinunua akamwuliza ameujua wapi. Alisema mume wake ndiye aliyepiga besi katika wimbo ule.

"Ulimwuliza kuhusu mlio?" nikasema.

"Nimuulize nini katikati ya soko? Aliniambia twende."

Tulikwenda. Haji alizifunga amplifaya yake mpya na pleya kwenye mito ya kitandani, Mwalimu akaipakata santuri mapajani njia nzima, na spika za mvule zikalala nyuma ya pikapu chini ya blanketi lao. Nyumba ya mzee huyo mpiga besi ilikuwa nje kidogo ya Magunga, upande wa mbuga ya wanyama, na uwanja wake ulikuwa umefagiwa siku hiyohiyo. Alama za ufagio zilionekana. Alitoka akifunga vifungo vya shati. Alikuwa mrefu, mwenye vidole virefu vilivyopinda kwenye viungo. Mkewe, yule mama wa sokoni, alitupangia viti chini ya ukingo wa paa.

Stima ya sola yao haikutosha kwa vyombo vyetu, kwa hiyo mchuuzi akatoa betri ya pikapu. Amplifaya ikaanza kuvuma, na Haji akazunguka akihamisha waya huku akinung'unika hadi mvumo ukapungua. Muda huo wote mzee alizitazama spika. Mwishowe akaniuliza, maana nilikuwa karibu naye, "Nyara, hizi zote ni za wimbo mmoja?"

Nyara kwa Kijaluo maana yake ni "binti yangu". Nikamwambia ndiyo, tumekuja kumwuliza jambo.

"Ongea kwa nguvu. Sikio limeenda."

Mwalimu akaniangalia, nami nikamwangalia Mwalimu. Tulikuwa tumesafiri hadi kwa shahidi wetu wa pekee, na shahidi hasikii.

Haji akashusha sindano. Besi ikaanza. Mzee, aliyekuwa ameegemea kiti, akaketi wima. Akainuka, akaenda mpaka kwenye spika, akaweka kiganja chake juu ya ubao. Akakaa hivyo. Vidole vya mkono wa pili vilianza kutembea kwenye paja, na niliona kwamba havikuwa vikifuata besi; vilikuwa vikitangulia kidogo, vikijua inapokwenda. Gitaa lilipopanda, mchuuzi akainua kidole kama tulivyozoea. Mzee hakumwona. Wimbo ukaisha.

"Rudisha," akasema.

Tukarudisha. Ulipoisha mara ya pili, alikaa, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mnajua," akasema, "mimi sijawahi kujisikia. Redio zetu zilikuwa ndogo hivi. Kwa redio unasikia gitaa, unasikia mwenye kuimba. Besi hakuna. Watu wananiuliza, wewe katika ile bendi ulikuwa unafanya nini? Nawaambia napiga besi. Wanasema, ile gani?" Akacheka bila sauti. "Hata mtoto wangu aliuliza hivyo."

Haji aliinama akashughulika na waya ambao haukuwa na tatizo.

Baadaye ndipo nilipomwuliza. Nilisogeza kinywa karibu na sikio lake, nikamweleza pale gitaa linapopanda, mlio mkavu unaokimbia na kusimama. Nikamgongea kwa kucha kwenye mkono wa kiti ili aone mwendo wake.

"Huo mimi siusikii," akasema. "Lakini najua. Ni cherehani."

Walikuwa wamerekodi katika chumba cha kukodi, nyuma ya duka, na mashine ya kurekodi walikopeshwa kwa mchana mmoja tu. Katika chumba cha pili alikuwamo fundi wa nguo aliyekuwa akishona sare za shule. Mwimbaji alimwendea akamwomba asimame kidogo. Fundi akamjibu kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu na nyimbo hazifunguliwi. Wakaziba upenyo wa mlango kwa makoti yao, wakaanza. Mpiga gitaa alichanganyikiwa mara mbili, mara ya tatu akaamua kumfuata fundi.

"Kwa hiyo pale gitaa linakimbia," Mwalimu akauliza polepole, "ni yeye alikuwa anamfuata fundi?"

"Anafuata cherehani, ndiyo. Akifika kwa kona ya nguo anangoja." Mzee akamgeukia mkewe. "Siyo hivyo?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Alisema hakuwapo siku ile. Walikuwa bado hawajuani. Aliomba tu apigiwe tena wimbo, asikie huyo fundi. Tukampigia. Alisikiliza akiwa ameshika sinia, na gitaa lilipopanda akasema, "Anashona kola," na hakuna aliyembishia, ingawa sidhani kama kulikuwa na njia ya kujua.

Mwalimu aliichukua habari hiyo kwa uzito. Njiani kurudi alisema kwamba kwa miaka yote amekuwa akiwaambia watu kuwa lile gitaa linaeleza wasiwasi wa mkwe. Mchuuzi akamwambia bado linaweza kueleza. Haji akasema aliposikia cherehani alikumbuka ile ya duka la babake.

Niliporudi kwangu niliweka santuri zangu moja moja, na kila moja nikaisikiliza nikitafuta kilichokuwa nyuma. Katika moja nilisikia mtu akikohoa. Katika nyingine mlango, au kitu kama mlango. Kazini nako niligundua kwamba nilikuwa nikikaa na ile pembe kwa muda zaidi ya unaohitajika, hata pigo likishapatikana, hadi mama mmoja akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, mtoto yuko sawa, nilikuwa nasikiliza tu.

Yule mzee sasa huja Migori. Mchuuzi humpitia Magunga, na Haji amemwekea kiti kando ya spika ili mkono wake uifikie. Mara ya kwanza alipokuja alituambia tuzivute spika kutoka ukutani, na sebule nzima ikabadilika. Tulikuwa tumebishana juu ya waya kwa mwaka mzima na hakuna aliyejaribu kuvuta spika. Hawezi kushiriki mchezo wa leso, maana nusu ya vitu hasikii. Juzi Mwalimu alileta santuri ya bendi nyingine na akaanza kutueleza jinsi ilivyorekodiwa kwa ustadi. Mzee aliweka kiganja kwenye ubao, akangoja mpaka ubeti wa pili.

"Huyu wa besi alikuwa amelewa," akasema.

Tukarudisha sindano mwanzo ili tusikie.