Simu Iliyomfupisha Mama

Nilinunua simu mpya kwa sababu ya mama yangu, na asije mtu akasema niliringa. Niliringa kidogo tu. Mimi nauza vitenge Tabora mjini, mama anaishi Bukene, na tangu ajue kutuma ujumbe wa sauti, basi tena. Anaanza na salamu, anaingia kwenye mvua, mpunga, kuku, misiba ya watu nisiowajua, mpaka mteja wangu anaondoka bila kununua. Sasa hii simu inasikiliza ujumbe kwa niaba yako, kisha inakuandikia kwa kifupi mtu kasema nini. Nikajiona nimeula.

Ijumaa moja ikaniandikia: "Mama ni mzima. Habari zote ni njema." Nikamjibu kwa sauti ya bashasha, "Tumshukuru Mungu, mama, endelea hivyo hivyo." Akaleta jibu fupi. Simu ikaandika: "Mama anakubali." Nikaendelea kukata vitenge.

Jioni akapiga jirani yake, mwanamke mwenye mdomo ambaye hajawahi kunipenda. Hata salamu hakutoa. Akaniuliza kama ni mimi niliyemwambia mama yangu aendelee kuvimba mguu.

Ndipo nikausikiliza ule ujumbe mwenyewe. Kwetu mtu akiulizwa hali hatangulizi baya. Hata paa likiezuliwa na upepo, atasema njema kwanza, avute pumzi, halafu aseme ila. Mama alikuwa ametoa njema ya mifugo, njema ya shamba, njema ya majirani, na mwisho kabisa, kwa sauti ileile: "Na mimi mwenyewe njema kabisa, ila juzi niliteleza kisimani, mguu haukanyagi chini, sijui itakuwaje." Simu ilisikia njema zote hizo ikaona yatosha. Lile jibu lake fupi nalo nikalisikiliza. "Haya, nimesikia. Nitaendelea hivyo hivyo." Nilitamani niitumbukize ile simu chooni. Nikalia palepale juu ya mzigo wa vitenge, kwa hasira na kwa uchungu.

Kesho yake nilikuwa Bukene. Mguu ulikuwa umevimba kama mto wa kulalia, na mama ameapa hospitali haendi. Kila ninachouliza ananijibu neno moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za mguu?"

"Njema."

Nikangoja ila. Haikuja. Hapo nikaogopa kweli, maana mama kuninyima ila ni sawa na kunifungia mlango. Jirani amesimama kizingitini, anafaidi. Nikabembeleza, nikafoka, nikatishia kumbeba mgongoni. Mama ananizidi unene mara mbili, akaniambia nijaribu.

"Au ile simu yako ndiyo ije inibebe," akasema.

Nikamwomba jirani atupishe, kwa adabu niliyoikusanya kwa shida. Nikaketi sakafuni, nikaanza upya kama inavyotakiwa. Nikauliza mvua. Nikauliza mpunga. Nikauliza kuku, akanieleza hadi yule anayekula mayai yake mwenyewe. Nikauliza hata wale marehemu nisiowajua, mmoja mmoja, walikufa na nini. Mama akajibu kwa kirefu, akanogewa, chai ikapoa. Nilikuwa nasinzia, lakini sikuthubutu kupiga mwayo.

Mwishowe nikamuuliza yeye.

"Njema," akasema. Akautazama mguu. "Ila naogopa, mwanangu. Naogopa wataukata. Halafu nitakaa tu hapa kungoja mtu anisogezee maji ya kunywa."

Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni. Nikalimeza, nikamwacha aseme. Alisema mengi, mengine ya tangu baba alipofariki, ambayo sikuwahi kuyasikia. Alipomaliza akajifuta macho, akaniambia nimletee khanga yake ya safari.