Mwaka Ambao Hakufa Hata Pomboo Mmoja

Shangazi yangu aliingia kituo cha utafiti wa bahari akiwa mfagiaji. Akifuta vumbi mezani kwa wataalamu, alikuwa akichungulia picha za mapezi ya pomboo, na siku moja uvumilivu ukamshinda. "Samahani," akamwambia mtaalamu mmoja, "hawa mmewaandika wawili, lakini ni mmoja. Tazama pezi lilivyochanika hapa." Walipolinganisha, kweli. Ufagio akapewa mwingine.

Akawapa pomboo wake majina ya utani: Karani, Bi Harusi, na Mkwe, aliyekuwa akiona boti tu anajificha. Shangazi hakujaaliwa watoto. Akikuonyesha picha zile, ole wako umharakishe.

Shida ilikuwa nyavu. Pomboo akinaswa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, anakufa maji kama mtu, na mvuvi humtupa kimya kimya kwa kuogopa kushtakiwa. Kituo hakikujua wanafia wapi wala saa ngapi. Ndipo shangazi akaanza kuzunguka nyumba za wavuvi na fomu zake za kuandika pomboo walionaswa, wakambandika jina la Mama Fomu.

"Niandikie na jina," aliwaambia, "nijue wa kumuuliza alitega wapi. Halitatoka mikononi mwangu."

Wa kwanza kumwamini alikuwa mdogo wake waliyenyonya ziwa moja, yaani baba yangu. Wengine wakafuata kwa sababu yake.

Kwa miaka mitatu zilijazwa fomu sitini na moja. Zilionyesha kwamba wengi hufia kwenye mlango wa ghuba, alfajiri. Wavuvi wenyewe, bila kusukumwa na askari, wakakubaliana wasitege pale mpaka jua litoke. Vifo vikapungua kwa nusu. Sijawahi kumwona shangazi ana raha vile. Hata mapishi yake, ambayo tulikuwa tukiyavumilia tu, yalipata ladha.

Kisha akaja mkuu mpya. Wakubwa wake walipotaka jalada la fomu zile, alilitoa zima zima, majina na yote. Sina nia ya kumsema vibaya. Kusema kweli, ninayo. Shangazi alikuwa mgonjwa wiki hiyo. Aliporudi kazini, nyavu za baba zilikuwa zimeshachomwa hadharani na leseni yake imezuiwa miezi sita. Alikuja kwetu mbio, baba akakutana naye mlangoni.

"Dada, umeniuza."

"Haki ya Mungu, sikujua."

"Mimi nilikujua wewe. Huyo mkuu wako simjui."

Mwaka mzima hawakusemezana. Mama alikuwa akimbembeleza, "Wifi, mpe muda," na shangazi anaitikia kwa kichwa huku machozi yanamlengalenga.

Siku ya mkutano wa mwaka wa kituo nilimsindikiza shangazi. Mkuu alisoma ripoti: pomboo waliokufa nyavuni, sifuri. Ukumbi ukapiga makofi. Shangazi akainua mkono.

"Mkuu, hiyo sifuri ni ya fomu, si ya pomboo. Watu wameacha kutuambia."

"Basi tuletee takwimu, mama," akajibu, na ukumbi ukacheka.

Kutoka pale alikuja moja kwa moja nyumbani. Baba alikuwa uani anashona wavu.

"Mdogo wangu, sikuja kuomba msamaha leo. Nataka kujua tu. Mwaka huu wamekufa wangapi?"

Baba aliendelea kushona.

"Tumerudi kutega mlangoni mwa ghuba," akasema. "Alfajiri ile ile. Tukimkuta tunampasua tumbo ili azame. Mimi peke yangu, tisa."

Shangazi akatoa kalamu.

"Haya, andika," baba akasema. "Si kalamu unayo?"

Alikuwa nayo mkononi. Lakini kituoni fomu isiyo na jina haipokelewi, na jina lilikuwa la mdogo wake. Alikaa kizingitini akalia kwa sauti, kama mtu aliyepokea habari ya msiba, na baba, kwa hasira zake zote, akaacha kushona. Nilimwonea uchungu nikashindwa hata kumletea maji. Alipoondoka hakuwa ameandika kitu.

Ripoti ilichapishwa wiki iliyofuata, kurasa arobaini za rangi, na sifuri yake ukurasa wa pili. Mkuu alimkabidhi shangazi nakala zote akazigawe kwa wavuvi, maana, alisema, wewe ndiye wanayemwamini.