Programu ya Gerishon

Tangu Gerishon Mabonga azikwe, Linet alikuwa akifanya peke yake kazi waliyozoea kuifanya wawili: kutunza seva za watu, zile kompyuta kuu za ofisi, kutoka chumba kimoja cha kukodi mtaani Kimumu. Meza ya mwenzake hakuiondoa. Aliipangusa vumbi tu, basi.

Alasiri moja, mvua ikipiga mabati, Amina, karani wa kiwanda cha maziwa kule Kesses, akampigia simu.

"Madam, seva inatukataa. Paswadi inakubali, halafu kimya."

Linet akajaribu mwenyewe. Kweli, aliingia lakini hakupata mahali pa kuandika. Anayeingia kwenye seva akiwa mbali hupewa terminali bandia, yaani dirisha la kuandikia amri; huitoa kerneli, kile kiini kinachoendesha mtambo wote, na idadi yake ina kikomo. Zikiisha, hana pa kuandikia.

"Gerishon, hebu ona..." akasema, akageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Njia ya kupenya aliijua: kutuma amri moja moja bila kuomba terminali. Akaiuliza seva terminali ngapi zimeshatolewa. Zote. Akauliza zimeshikwa na nani. Jibu likateremka kwenye skrini, jina lile lile mstari baada ya mstari: gerishon, gerishon, gerishon.

Ilikuwa programu yake ya kukagua baridi ya matangi ya maziwa. Kila ikikagua, ilifungua terminali mpya na kuiacha wazi. Mwenyewe yuko udongoni, nayo bado inakagua.

Amri ya kuzifunga ilikuwa fupi. Linet akaiandika, kidole kikagoma juu ya kitufe.

"Madam, bado uko?"

"Niko." Akabonyeza. Majina yakatoweka yote kwa mpigo.

"Imekubali! Asante sana," Amina akasema, akakata simu. Wakulima walikuwa wanamngoja.

Linet akarekebisha lile kosa, kisha akaiwasha programu tena, kwa jina la Gerishon vilevile. Alitamani kumwambia mtu. Akampigia Apondi, mjane wa marehemu.

"Shemeji, leo Gerishon amenisumbua kazini."

Linet akamweleza yote, polepole. Apondi akacheka kidogo, kisha akashusha pumzi.

"Afadhali wewe umemsikia."

Wakabaki kwenye simu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata, mpaka mtoto akamwita Apondi jikoni.