Siku Nilipoziweka Plagini Pamoja

Kuna kipindi nilikuwa naiogopa kompyuta yangu kuliko mbwa wa jirani. Mbwa yule alikuwa anabweka kwanza. Kompyuta ilikuwa inazima tu.

Studio yangu ni chumba kimoja pale Kirumba, kimeegemea jiwe kubwa, ndiyo maana hata saa nane mchana hakina joto. Ukutani nimegongomelea magodoro ya zamani. Wateja wangu wengi ni kwaya, na mara mojamoja bwana harusi anayetaka kumwimbia mchumba wake. Bwana harusi mmoja wa aina hiyo ndiye aliyenifundisha hofu. Alikuwa haimbi vizuri, lakini siku ile, kwenye ubeti wa tatu, sauti ilimtoka kwa namna ambayo hata yeye alishangaa. Hapo hapo plagini moja ikagoma na kuangusha kila kitu. Ubeti ukapotea, na alipojaribu kuurudia hakuupata tena.

Plagini ni viprogramu vidogo vinavyokaa ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Moja inatoa sauti ya kinanda, nyingine inaisafisha sauti ya mwimbaji, nyingine inaweka mwangwi. Iliyoniaibisha ilikuwa ya mwangwi, niliyoipata bure. Tatizo nilikuwa naupenda ule mwangwi, kwa hiyo sikuifuta. Niliingia kwenye mipangilio nikakuta mahali pa kuchagua plagini ziendeshwe vipi: zote kwa pamoja, au kila moja kivyake. Nikachagua kila moja kivyake, ili ikifa moja ife peke yake. Nikafunga mipangilio na kwa miezi mingi nikajiona fundi.

Kisha Jumamosi moja asubuhi wakaja akina mama wa kwaya, tisa, wakiongozwa na mama mmoja anayeuza dagaa sokoni Mwaloni. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kujisumbua.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Leo sauti yangu itabaki hapa, au nitaondoka nayo?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Jumatatu alikuwa anapanda meli kurudi Ukerewe kumuuguza mama yake, na hakujua atarudi lini. Wimbo alikuwa ameutunga mwenyewe, kwa Kikerewe, na wenzake walitaka ubaki na sauti yake ndani.

Vyombo nilikuwa nimeviandaa wiki nzima: kinanda, magitaa, ngoma, manyanga. Plagini zilifika arobaini. Nikamvalisha mama hedifoni, nikabonyeza kurekodi, na sauti ikaanza kupasuka kama karanga kikaangoni.

Dawa ya hapo naijua. Unaiongezea kompyuta muda kidogo wa kuandaa sauti kabla ya kuitoa. Nikaongeza, mipasuko ikaisha. Lakini muda ule una gharama yake: sauti inamfikia mwimbaji masikioni ikiwa imechelewa. Mama akaimba mstari mmoja, akanyamaza, akageuka.

"Mwanangu, kuna mtu ananiigiza."

"Ni wewe mwenyewe, mama."

"Basi mwambie aniache kwanza nimalize."

Wenzake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Nikapunguza muda, karanga zikarudi. Nikaongeza, yule mwigaji akarudi. Nikafunga kila kitu kingine kilichokuwa wazi, nikazima na kuwasha, nikalilaumu joto la kompyuta, nikailaumu Tanesko na umeme wake kimoyomoyo. Saa nzima ikapita. Akina mama wakatoka nje, wakakaa juu ya mawe, wakafungua chupa ya chai.

Nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye, anayefundisha muziki chuoni Butimba. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Plagini unaziendeshaje?" akauliza. "Kila moja kivyake?"

"Ndiyo."

"Ziko ngapi?"

"Arobaini."

Nilimsikia akijizuia kucheka. "Umezijengea arobaini nyumba arobaini, kila moja na jiko lake. Kompyuta yako yenyewe ina kumbukumbu kiasi gani? Kazi yote inaishia kukimbia nyumba hadi nyumba. Sasa niambie, zilizowahi kukuangusha ni ngapi?"

Nikafikiri. "Moja."

"Basi itenge hiyo moja. Nyingine ziweke pamoja."

"Na ikianguka nyingine?"

"Zitaanguka zote. Kwa hiyo hifadhi kazi yako kila baada ya ubeti, kama watu wengine."

Sikulipenda jibu lake. Nilikaa nikiutazama ule mpangilio, namkumbuka bwana harusi. Lakini nje kulikuwa na mwanamke wa kuondoka Jumatatu. Nikahifadhi kazi mara mbili, mara ya pili kwenye flashi, nikabadilisha. Nilipofungua tena, kumbukumbu iliyokuwa imejaa hadi juu ilishuka karibu nusu. Nikapunguza muda wa kuandaa sauti hadi pale mwimbaji asipoweza kuhisi kuchelewa, nikapiga kinanda kidogo. Safi.

Nikawaita. Mama akavaa hedifoni, akaimba mstari mmoja wa kujaribu, akasema, "Ameondoka."

Waliimba mara tatu. Katikati ya mara ya tatu ile plagini ya mwangwi ikafa, kama kawaida yake. Niliona alama nyekundu kwenye kioo, nikabana pumzi. Lakini wimbo ukaendelea. Mwangwi peke yake ndio uliokatika, na sauti ya mama ikabaki kavu, karibu sana, kama anakuimbia ukiwa umekaa naye jikoni. Hakuna aliyegundua. Sikuurudisha.

Niliwatumia wimbo kwa simu Jumapili. Jumatatu mchana simu yangu ikaita. Alikuwa mama wa dagaa, nyuma yake injini ya meli inaunguruma.

"Mwanangu, nimeusikiliza mara nne. Kuna mahali navuta pumzi kwa nguvu."

"Naweza kuitoa, mama. Ni kazi ndogo."

"Usiitoe," akasema. "Mama yangu hasikii vizuri siku hizi, ila pumzi yangu anaijua."

Akaniuliza kama nimekula, nikamwambia bado, akanigombeza, kisha mtandao ukakatika.